Kapteni Aliyeishusha Timu

Sisi tuliomwona akicheza tulimwita Kapteni. Waliokuja baadaye walimwita Kocha, na namna walivyolitamka neno hilo ilitosha kukujulisha kwamba hawakuwa wanamsifu. Yeye aliwaitikia wote kwa sauti ileile. Ukimwita kwa jina alilobatizwa, aligeuka taratibu kama mtu aliyedhani anaitwa mwingine.

Siku tulipomzika, msemaji wa msiba alisoma maisha yake kutoka uwanjani moja kwa moja hadi shambani. Miaka ya ukocha aliiruka. Watu waliinamisha vichwa kwa shukrani, kana kwamba msemaji amefunika kitu kisichofaa kuonekana mbele ya wageni. Mimi nilikuwa nimeketi upande wa wanawake, karibu na mjane, na nilimsikia akinong'ona kwa Kihaya kwamba mtu aliyesomwa pale ni mzuri lakini si mumewe. Ndiyo maana naandika haya.

Kibanja chake cha migomba na kahawa na changu, huko Buganguzi, vilitenganishwa na mstari wa mimea ya mpaka tu. Lakini nilimfahamu kabla hatujawa majirani. Nilikulia Bukoba mjini, binti wa mchungaji wa Kilutheri ambaye hakukosa ibada wala mechi. Jumapili timu ya mjini ilipocheza nyumbani, mahubiri ya baba yalikuwa mafupi, na waumini walijua sababu. Baada ya chakula alinishika mkono tukashuka uwanjani, upepo wa ziwani ukitupiga usoni, na njia nzima alikuwa akinieleza nani atacheza wapi.

Kapteni alivaa namba kumi. Hakuwa na mbio. Kwa mwili alikuwa mwembamba, magoti yakitazamana kidogo, na alitembea uwanjani wakati wenzake wanakimbia. Kazi yake ilikuwa kupokea mpira akiwa ameligeuzia goli mgongo, na kuupeleka mahali ambapo hapakuwa na mtu. Mashabiki wapya walizomea. Kisha mtu akatokea pale, peke yake, na mpira ukawa mguuni mwake.

Mechi moja mvua ilinyesha ile ya Bukoba, ambayo haikupi muda wa kutafuta pa kujikinga. Uwanja ukajaa maji, mpira ukipigwa chini unakwama. Wachezaji wote waliendelea kuusukuma na kuufuata kama watu wanaosukuma gari bovu. Yeye alisimama kidogo, akautazama, kisha akaanza kuudokoa kwa ncha ya kiatu ukapanda juu, halafu akaupiga kabla haujashuka. Hakuna aliyemwelekeza. Kipindi cha pili wenzake wote walikuwa wanafanya hivyohivyo, na wale wageni, waliotoka mkoa wa mbali, walibaki wanaangaliana.

Mwaka walioleta kombe, alifunga bao kwa mpira wa adhabu uliopinda ukaingia karibu kabisa na mwamba. Baba yangu alirusha kofia yake ya kichungaji hewani. Hatukuiona tena kofia ile. Mama alipouliza, baba alisema imechukuliwa na upepo, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa kiasi fulani.

Baada ya mechi kama hizo waandishi walimuuliza Kapteni alifanyaje. Jibu lake lilikuwa moja siku zote: "Niliona tu." Watu walilipenda jibu hilo. Walisema ni unyenyekevu. Mimi nilivyokuja kumjua, niliona halikuwa unyenyekevu wala majivuno. Alikuwa anaeleza kila anachokijua.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine, au ndivyo nilivyodhani. Nilipohamia Buganguzi na mume wangu, ambaye sasa ni marehemu, hatukujua kutunza kahawa. Kapteni alikuja asubuhi moja na kisu chake cha kupogolea, akatuonyesha tawi moja baada ya jingine. Hili linanyonya tu, likate. Hili litazaa mwaka ujao, liache, usiwe na haraka nalo. Mume wangu alikata tawi lisilofaa. Kapteni hakukunja uso. Alimwambia, "Na mimi nilianza kwa kukata hilohilo, waitu, ndugu yangu," kisha akamweleza tena tangu mwanzo. Alikuwa na uvumilivu ambao mimi, niliyesomea ualimu, niliuonea wivu.

Alikuwa mkali kwa mambo madogo. Hakupenda mtu aache jembe limelala kifudifudi. Misa ya kwanza aliihudhuria kila Jumapili lakini alikaa karibu na mlango, na padri alipozidisha maneno, alitoka nje akasimama kwenye nyasi hadi wakati wa komunyo. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, alikunywa, ila msibani hakuigusa. Alisema pombe ya msiba huinywi wewe, yenyewe ndiyo inakunywa. Redio ikitangaza mpira aliisikiliza, lakini mechi ikiingia dakika za mwisho matokeo hayajulikani, aliizima akaenda kulisha mbuzi. Nilimuuliza mara moja kwa nini. Alisema, "Sasa hivi kuna mtu anasimama pembeni ya uwanja na hana la kufanya. Sitaki kumsikiliza."

Mkewe tulimwita Ma Konso. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache yaliyonyooka. Viongozi wa timu walipokuja kumwomba mumewe awe kocha, timu ikiwa imeanza kuyumba, aliwapikia ndizi na samaki, akawakaribisha vizuri, na walipoondoka akamwambia mumewe mbele yangu: "Wanataka jina lako wabandike mlangoni. Wewe mwenyewe hawakutaki."

"Jina langu na mimi tunakwenda pamoja," Kapteni alijibu.

"Basi nendeni," alisema Ma Konso.

Wakati huo nilikuwa nafundisha Bukoba mjini, nyumbani nikirudi mwisho wa juma, kwa hiyo mazoezi ya kwanza niliyaona. Nusu ya mji ilikuja. Aliingia uwanjani mikono ikiwa nyuma, watu wakampigia makofi. Akawatazama wachezaji wake, akasema, "Chezeni." Wakacheza. Baada ya muda akapuliza filimbi, akamfuata kiungo mmoja kijana, Faustine, mzaliwa wa Ijumbi, aliyekuwa na mguu mzuri wa kushoto. Sisi tulioketi chini kabisa tuliyasikia yote.

"Mbona hukumpa?"

"Sikumpa nani, Kocha?"

"Yule wa pale."

Faustine alitazama. "Pale hapana mtu."

"Ndiyo. Hajafika."

"Sasa nimpe nani?"

"Atakayefika."

Watu walicheka, na Faustine mwenyewe alicheka. Kapteni hakucheka. Alidhani kijana anamfanyia utani. Siku zilizofuata nilisikia maneno hayohayo, sauti ikipanda, na kicheko kikipungua. Alikuwa anawaona wachezaji wake kama watu wanaokataa kwa makusudi kufungua macho. Yule aliyemsubiri mume wangu ajifunze tawi la kahawa hakuweza kumsubiri Faustine.

Nilimpelekea Ma Konso kitendawili hicho. Alikuwa anaanika kahawa, na hakuacha kuitandaza. "Kahawa nilimfundisha mimi," alisema. "Alihangaika nayo miaka. Anakumbuka palipomtatiza, kwa hiyo anaweza kumshika mtu mkono pale. Mpira nani alimfundisha? Hajui alipopita. Atamwonyeshaje mwingine njia?"

Timu ilishinda kidogo, ikafungwa zaidi. Msimu wa pili ukafika mwisho na ikabaki mechi moja, nyumbani. Sare tu ilitosha kutubakiza kwenye ligi. Nilikwenda na kaka yangu. Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao, na mji mzima ukapumua. Wakati wa mapumziko, kocha msaidizi, aliyekuja kunihadithia baadaye, alimsihi waongeze beki mmoja, wazibe, wapoteze muda. Kapteni alimjibu, "Sijui kucheza mpira wa kuogopa." Akamtoa kiungo mkabaji, yule anayebaki katikati kulinda, akaingiza mshambuliaji. Kisha akawatuma wote mbele.

Kwa muda walipendeza. Nasema hivyo kwa haki. Halafu Faustine akapokonywa mpira katikati ya uwanja. Lilikuwa kosa dogo, la kila mechi, ila nyuma yake hapakuwa na mtu. Mgeni mmoja alikimbia na mpira ule peke yake hadi langoni. Uwanja ulinyamaza kiasi kwamba nilisikia wavu.

Kapteni alimtoa Faustine palepale. Kijana alipofika pembeni, akitaka kuketi na wenzake, Kapteni alimnyooshea mkono akimwonyesha geti la uwanja. Faustine alidhani hakuelewa, akasimama. Kapteni akanyoosha mkono tena. Kijana alivua jezi, akaikunja vizuri, akaiweka chini, akatoka kifua wazi akipita mbele ya watu wote. Mabao mengine yalifuata. Tukashuka daraja.

Faustine hakuchezea tena timu yoyote. Alirudi Ijumbi akajifunza useremala. Kapteni alirudi Buganguzi kabla hawajamfukuza, na asubuhi iliyofuata nilimwona kwenye migomba akikata majani makavu, kama mtu ambaye hakuwahi kwenda popote.

Ofisini kwa timu kulikuwa na picha kubwa ya kikosi kilicholeta kombe, yeye akiwa katikati ameshika kikombe. Mtu mwenye hasira aliigeuza ikatazama ukuta. Habari zilipofika Buganguzi, Kapteni aliuliza, "Wamekata kichwa changu au wamegeuza picha nzima?" Akaambiwa picha nzima. "Wale kumi wengine walikosa nini?" alisema, akaendelea na kazi. Sijui na nani, lakini baadaye picha ilirudishwa sawa.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza, na hayajaisha. Yako vijiweni Muleba, yako kwa vinyozi Bukoba, yalikuwa hata kwenye kamati ya shule yetu. Wapo waliosema bao lililofungwa halifutwi. Kombe liko kabatini, nendeni mlitazame. Kucheza ni kitu kingine na kufundisha ni kitu kingine. Ng'ombe anatoa maziwa, haitwi kuyachuja. Kaka yangu alikuwa upande huo, na aliutetea kwa kugonga meza.

Lakini wapo waliosema neno lililoniingia zaidi. Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu mpole, asiyemchukia Kapteni hata kidogo, aliniambia: "Kinachonisumbua si kwamba tumeshuka. Nikimkumbuka sasa akitoa zile pasi, najiuliza kama kweli aliona kitu, au alipiga tu na sisi tukamwekea maana. Kama aliona, mbona alipokuwa kocha hakujua lililo wazi kwa kila mtu?" Hilo lilikuwa jambo zito kuliko kuzomea. Mzomeaji anakunyima kesho yako. Huyu alikuwa anarudi nyuma na kumnyang'anya jana yake, na za kwetu pamoja nayo, pamoja na kofia ya baba yangu.

Mimi kwa muda mrefu nilijituliza kwa kusema walikuwa watu wawili. Kapteni alikuwa mmoja, Kocha mwingine, wote wakikaa nyumba moja upande wa pili wa mpaka wangu. Ni jibu rahisi, na msemaji wa msiba alilitumia.

Sijui kama yeye alisikia maneno ya yule mwalimu. Miaka ilipita, nikastaafu, nywele zake zikawa nyeupe kabisa na magoti yakamtesa. Jioni moja tulikuwa tunaanua kahawa kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Akasimama na ungo mkononi.

"Mwalimu, wewe uliniona nikicheza. Nilikuwa mzuri?"

Hakuwa mtu wa kuuliza maswali ya namna hiyo. "Ulikuwa mzuri sana, Kapteni."

"Ile siku ya maji. Nani mwingine alicheza vizuri?"

Nilifikiri. Nilimwona yeye tu, akiudokoa mpira. "Sikumbuki," nilisema.

"Hata mimi," alisema. "Wewe ulikuwa mtoto, umekaa na baba yako. Mimi nilikuwa uwanjani."

Wiki hiyohiyo aliniomba nimpeleke Ngenge. Nilikuwa na gari dogo, kuukuu lakini linatembea. Alisema kuna mtu anataka kumuuliza jambo. Njia nzima, milima ikishuka na migomba ikipungua hadi ikawa mashamba ya mahindi, hakuniambia ni nani. Tulifika kwa mzee mmoja mpana wa mabega, anayeitwa Projesti, aliyekuwa ameketi nje akipukuchua mahindi. Walisalimiana kwa Kihaya, wakashikana mikono miwili muda mrefu. Projesti alituletea kahawa ya kutafuna, mimi nikapewa kiti, na hapo ndipo Kapteni aliponieleza kwamba huyu alikuwa namba sita wake, kiungo mkabaji, miaka yote, na siku ya maji alikuwepo. Niliona aibu kidogo. Bila shaka nilimwona mara nyingi, lakini sura yake haikunijia kabisa.

Waliuliziana habari za wajukuu na za magoti. Kisha Kapteni akasema, "Projesti, nimekuja na swali. Mimi nilikuwa naupeleka mpira mahali, mara nyingine unapokonywa. Mbona sikumbuki tukifungwa kwa sababu hiyo?"

Projesti alitafuna kahawa yake. "Kwa sababu nilikuwepo."

"Ulikuwa unajuaje nitakwenda wapi?"

"Utakakokwenda sikujua. Nani angejua? Nilikuwa natazama ulikotoka. Ukiondoka, naingia pale nakaa."

"Kila mara?"

"Ilikuwa ndiyo kazi yangu."

Kuku walikuja kudonoa mahindi, hakuna aliyewafukuza. "Hukuniambia," Kapteni alisema mwishowe.

"Ningekuambia ungeanza kugeuka nyuma kutazama kama nipo," alisema Projesti. "Sisi tulikutaka utazame mbele. Tulikubaliana hivyo, mimi na wale mabeki. Wewe hukuitwa kwenye maongezi hayo." Alicheka kidogo. "Ulikuwa unaona kweli, usije ukadhani nakupunguzia. Mpira ule sikuwahi kuuona kwa mtu mwingine. Ila ulikuwa unaona upande mmoja."

"Na nilipokuwa kocha nilimtoa namba sita."

"Nilisikiliza redioni," Projesti alisema. "Nilisikia namba sita wako akitajwa kwamba anatoka, nikainuka nikaenda shambani."

Nilimtazama Kapteni kuona atachukuliaje. Nilitarajia huzuni. Nilichokiona kilikaribia kuwa nafuu, kama ya mtu aliyeumwa miaka na hatimaye akaambiwa jina la ugonjwa. Aliuliza maswali mengine mengi, ya mechi hii na mechi ile, na kwa kila moja Projesti alimweleza alikuwa amesimama wapi. Jua lilisogea. Ilikuwa kama wanaicheza upya miaka ile yote, safari hii uwanja ukiwa na watu kumi na mmoja. Mpira wa adhabu uliopinda, nikaambiwa, ulipatikana kwa sababu Projesti alikanyagwa kisigino.

Tulipoagana, Projesti alitupa mahindi kwenye gunia dogo. Garini Kapteni alilipakata gunia lile hadi tulipopita Muleba mjini. Kisha akasema, "Tusiende nyumbani kwanza. Nipeleke Ijumbi."

Karakana ya Faustine iko kando ya barabara. Kapteni alikuwa amepita mbele yake mara nyingi akienda sokoni, na kila mara, nilikuja kuambiwa, wote wawili walitazama pengine. Faustine, sasa mwanamume mwenye tumbo na mvi kidevuni, alikuwa anapiga msasa mguu wa kiti. Alipoona nani anashuka garini hakusimama, lakini msasa uliacha kusikika.

"Shikamoo," alisema, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

"Marahaba." Kapteni alisimama mlangoni akijishikilia fremu. Hakuingia. "Nimekuja kukuambia kosa halikuwa lako. Nilikuondolea mtu wa nyuma yako, halafu nikakufukuza kwa sababu nyuma yako hapakuwa na mtu. Na ule mkono niliokunyooshea, nisamehe."

Faustine alipuliza vumbi kwenye mbao. Alilipuliza hata pale ambapo halikuwepo.

"Mzee, hayo nilijua siku ileile," alisema. "Natoka getini nilikuwa najua. Nilikuwa nangoja na wewe ujue."

"Imenichukua muda."

"Imekuchukua muda," Faustine alikubali.

Gari la mizigo lilipita barabarani, vumbi likaingia, likatulia juu ya vitu vyote. Kapteni akauliza kama anaweza kuketi, maana goti limechoka. Faustine alitazama huku na huku. Viti vyote mle ndani vilikuwa vya watu, au vibovu. Akachukua kile alichokuwa anakipiga msasa, akakisogeza hadi mlangoni, akakibana kwa mguu wake kisiyumbe.

"Kaa taratibu," alimwambia. "Gundi haijashika vizuri."